Trekta Husukumwa na Udongo

Trekta dogo la nguvu za farasi 25 likinasa kwenye jaruba la mpunga, lawama ya kwanza huangukia injini. Mwenye trekta anajuta kutonunua la farasi 40. Dereva anakanyaga mafuta, gurudumu linazunguka papo hapo, linajichimbia shimo, mwisho tumbo la mashine linakalia tope. Lakini lile shimo lenyewe ni ushahidi kwamba injini ilikuwa na nguvu za kutosha, maana ndiyo iliyolichimba. Kilichoshindwa ni udongo uliokuwa chini ya tairi.

Injini huzungusha gurudumu, gurudumu huusukuma udongo nyuma, na udongo ukistahimili, trekta linasogea mbele. Usipostahimili, unakatika na kurushwa kama unavyoonekana ukiruka nyuma ya tairi linaloserereka. Hakuna trekta linaloweza kuvuta jembe kwa nguvu inayozidi ile ambayo udongo wa mahali pale unaweza kuibeba, hata ukilifunga injini ya lori. Ndiyo maana anayeuliza anunue tairi la kashata gani, yaani yale meno ya mpira yaliyo juu ya tairi, anapaswa kwanza kuulizwa shamba lake liko wapi na analilima mwezi gani.

Aliyetuwezesha kupima ustahimilivu huo hakuwahi kuona trekta. Charles-Augustin de Coulomb alikuwa mhandisi wa jeshi la Ufaransa, na alikaa miaka kadhaa kisiwani Martinique akisimamia ujenzi wa ngome. Mjenzi wa ngome ana adui wa kila siku, nao ni udongo unaotaka kuubomoa ukuta wake. Katika andiko lililochapishwa mwaka 1776, Coulomb alieleza kwamba udongo hukataa kukatika kwa njia mbili. Ya kwanza ni mshikamano: chembe zimeng'ang'aniana zenyewe, hata kama hakuna kinachozikandamiza. Ya pili ni msuguano: chembe zinakwaruzana, na kadiri uzito unavyozielemea ndivyo zinavyozidi kugoma kuteleza. Mfinyanzi uliolowa huishi kwa njia ya kwanza. Mchanga mkavu huishi kwa ya pili.

Mwaka 1944, vita vikiwa bado vinapamba moto, Mwingereza aitwaye Micklethwait, aliyekuwa akishughulikia vifaru, aliichukua hesabu hiyo ya kuta akaihamishia kwenye mashine zinazotembea. Nguvu kubwa kabisa ambayo ardhi inaweza kuipa mashine ni eneo linalogusana na udongo mara mshikamano wake, ukijumlisha uzito wa mashine mara kiwango cha msuguano. Basi. Ukiwa na kalamu unaweza kuifanya mwenyewe.

Tuseme ekseli ya nyuma ya trekta lako imebeba kilo 1,000, na matairi yake mawili kwa pamoja yanagusa ardhi kwa sehemu ya mita za mraba 0.12. Uko kwenye mfinyanzi laini uliolowa, ambao kila mita yake ya mraba inastahimili msukumo wa kama kilo 1,500 kabla ya kukatika, na msuguano wake ni kama haupo. Zidisha: unapata kilo 180 tu za kuvutia jembe, na hapo bado hujatoa zile zinazopotea tairi likijikokota kutoka kwenye tope. Hamia sasa kwenye kichanga kikavu kisicho na mshikamano, ambako msuguano hurudisha takriban asilimia 58 ya uzito. Trekta lilelile, tairi lilelile, na sasa una kilo 580. Ongeza vyuma vya kilo 200 nyuma: kwenye kichanga umejipatia kilo 116 zaidi za mvuto, ilhali kwenye mfinyanzi uliolowa umejiongezea kasi ya kuzama. Kule dawa ni uzito, huku dawa ni upana wa mguso. Fundi anayekushauri uongeze uzito bila kuuliza udongo wako ukoje anabahatisha.

Kashata zinaingia wapi? Mpira laini ukikanyaga juu ya udongo wenye unyevu huteleza pale juu, kabla udongo wenyewe haujaguswa nguvu zake. Kashata huzama chini ya ule utelezi, zikaushika udongo wa ndani ulio imara zaidi, na kulazimisha mkatiko utokee huko. Mchezaji wa mpira anajua hili kwa miguu: njumu ndefu kwa uwanja wa mvua, fupi kwa uwanja mkavu, na njumu zikijaa tope ni sawa na kucheza pekupeku. Hilo la kujaa tope ndilo linalosahaulika zaidi. Kashata ndefu isiyojisafisha haina faida yoyote, kwa sababu nafasi kati ya kashata na kashata ikishajaa mfinyanzi, tairi lote limegeuka pipa.

Tazama tairi la kulimia kwa karibu. Kashata zake ni mbavu zilizolala mshazari, zinakutana katikati kwa ncha, na huku pembeni zimeachwa wazi. Ncha ndiyo inayotangulia kugusa ardhi, kisha mbavu inafuata kuelekea nje, ikilisukuma tope lipite pembeni. Tairi likifungwa kinyume, tope linakusanywa katikati badala ya kufukuzwa. Ubavuni kuna mshale, lakini umevaa tope mara nyingi, kwa hiyo simama nyuma ya trekta uangalie: ncha za kashata zinapaswa kuelekea juu. Nenda gereji yoyote ya mashambani uhesabu matrekta yaliyofungwa tairi moja ncha juu na jingine ncha chini. Hutarudi mikono mitupu.

Umbo hilo si la zamani sana. Matrekta ya mwanzo yalikuwa na magurudumu ya chuma yenye meno. Mwaka 1932 kampuni ya Allis-Chalmers ya Marekani ilianza kuuza trekta lake la Model U likiwa na matairi ya upepo ya Firestone, na wakulima wengi wakaguna kwamba mpira utateleza na kutoboka. Ili kuwashawishi, kampuni iliyakimbiza matrekta kwenye maonyesho. Dereva maarufu wa mashindano Barney Oldfield aliliendesha moja kwa zaidi ya kilomita 100 kwa saa mwaka 1933. Ulikuwa mchezo wa biashara, wala haukuthibitisha chochote kuhusu kulima. Kilichothibitisha ni vipimo vya mvuto na mafuta, na ndani ya miaka michache chuma kilianza kupungua mashambani.

Mhandisi Mieczysław Bekker, mzaliwa wa Poland aliyehamia Canada kisha Marekani, ndiye aliyeugeuza uhusiano wa gurudumu na ardhi kuwa elimu kamili. Kitabu chake kikuu kilitoka 1956. Baadaye alishiriki kubuni gari la wanaanga lililotembea mwezini mwaka 1971. Magurudumu yake yalifumwa kwa nyaya za chuma, na juu yake zikapigiliwa kashata za titani zenye umbo la V, ndugu wa zile zilizo kwenye trekta la Mbarali, Tanzania. Mwezini hakuna upepo wa kujaza wala maji ya kulowesha vumbi, lakini chembe za ardhi zinakatika kwa sheria ileile.

Huku duniani, shirika la Marekani linalopanga vipimo vya matairi na rimu limeyapa matairi ya trekta herufi na namba ambazo utaziona ubavuni. R-1 ndilo la kilimo cha kawaida, lenye mbavu ndefu zilizoachana. R-1W ni hilohilo likiwa na kashata ndefu zaidi kwa kama asilimia 20, kwa udongo wenye unyevu. R-2 ni la mpunga na miwa, na kashata zake ni karibu mara mbili ya R-1. R-3 ni la bustani na viwanja vya nyasi, lenye kashata fupi na pana, limeundwa lisishike udongo sana. Kama huna kiwanja cha gofu, lipite tu. R-4 ni la kazi za ujenzi: kashata zake zina takriban asilimia 70 ya urefu wa zile za R-1, ila ni nene, zimekaribiana, na ubavu wa tairi ni mgumu.

R-4 ndilo linalowavutia wengi, na sababu zao zina uzito. Kwetu trekta dogo halilimi mwaka mzima. Likishamaliza msimu linavuta tela la tofali, mchanga, magunia na maji, kwenye lami na kwenye changarawe, na huko kashata ndefu za R-1 zinayumba, zinapata joto na kuliwa haraka. Ubavu mgumu pia unavumilia miiba ya migunga kuliko ule mwembamba. Kama kazi yako kubwa ni tela na kijiko cha kupakia mchanga, chukua R-4 bila wasiwasi. Lakini kama kipato chako kinategemea kulima mvua za kwanza kwenye udongo mweusi, mimi ningebaki na R-1 na kukubali kulinunua tena mapema. Kashata nene zilizobanana hujaa mfinyanzi kwa mizunguko michache tu, na siku za kulima zikipita hazinunuliki.

Udongo huo mweusi, ule wa mbuga, ndio mtihani wenyewe. Uko Mwea nchini Kenya, uko katika mabonde mengi ya Tanzania. Kiangazi unapasuka nyufa za kuingiza mkono. Mvua ikinyesha unavimba na kunata kila unachokigusa. Kwenye majaruba yaliyojaa maji hata R-2 lina mpaka wake, na ndipo watu hufunga magurudumu ya chuma yenye mbavu pembeni ya matairi ili kupata upana wa mguso. Wanachokifanya ni ile hesabu ya 1944, ingawa hakuna aliyewasomea. Lakini R-2 lenyewe si la kuvutia tela kwenye changarawe. Utakuwa unasaga pesa.

Mfinyanzi mkavu una ukorofi wake pia. Baada ya vita, vifaru vya Sherman viligeuzwa matrekta, yakaitwa Shervick, yakaletwa Tanganyika kwa ule mpango wa Waingereza wa kulima karanga ulioanza 1947. Udongo wa Kongwa, mojawapo ya maeneo ya mpango huo, ulipokauka ukawa mgumu kama saruji, na majembe yaliisha meno. Mvuto walikuwa nao tele. Mpango wenyewe ulifutwa 1951, kwa sababu nyingi zaidi ya hiyo moja.

Kwa hiyo kabla ya kubishana juu ya kashata, pima unyevu. Chimba hadi kina cha jembe lako, chukua donge, livingirishe kati ya viganja kama unayetengeneza uzi. Likikubali kuwa uzi mwembamba wa milimita 3 bila kukatika, udongo bado ni plastiki: tairi litaukanda badala ya kuusukuma, na utaacha tabaka lililoshindiliwa ambalo mizizi itagonga mwamba. Uzi ukivunjikavunjika kabla ya kufikia wembamba huo, washa trekta. Kipimo hiki kinatokana na kazi ya Msweden Albert Atterberg mwanzoni mwa karne iliyopita, na maabara za udongo bado zinakitumia.

Kitu kingine cha bure ni upepo. Kwa ukadiriaji, tairi huibana ardhi kwa shinikizo linalokaribiana na la upepo uliomo ndani yake. Ukilipunguza upepo hadi kiwango cha shambani kilichoandikwa kwenye kitabu cha trekta, tairi linatandaa, mguso unaongezeka, na kashata nyingi zaidi zinashika kwa wakati mmoja. Ukirudi barabarani na tela, jaza. Kwenye kichanga unakohitaji uzito, maji ndani ya tairi ni uzito wa bei nafuu. Wakulima wa nchi za baridi hulazimika kuyatia chumvi yasigande, sisi wa mabondeni tunajaza ya bomba.

Kuna onyo moja. Trekta likinasa, usifunge gogo kwenye gurudumu kwa mnyororo ili ligeukie nje ya shimo. Gurudumu likigoma kuzunguka, nguvu ya injini inaunyanyua mwili wa trekta kulizunguka ekseli, na linaweza kumpindukia dereva kwa kipindi kisichofika sekunde mbili. Chimba nyuma ya matairi ya nyuma utoke polepole kwa kurudi nyuma, au ita trekta jingine livute.

Wenye trekta la kuendeshwa na magurudumu manne wana hesabu ya ziada. Magurudumu ya mbele ni madogo, na giaboksi imepangwa yazunguke kwa uwiano maalumu ili yatangulie ya nyuma kidogo sana. Tairi la R-4 na la R-1 ya rimu moja yanaweza kutofautiana mzingo. Ukibadilisha ya nyuma peke yake, mbele na nyuma vitapigana, na kwenye lami ngumu pambano hilo linaishia kwenye meno ya gia. Badilisha yote manne, au hakikisha mizingo inalingana na uwiano wa mtengenezaji. Anayenunua trekta la Kijapani lililotumika apime kwa kamba kabla ya kutoa pesa.

Ukishafunga tairi ulilolichagua, chora alama ya chaki ubavuni mwake. Endesha kwenye ardhi ngumu jembe likiwa juu, hesabu mizunguko 10, pima umbali. Kwa tairi la 9.5-24 utapata kama mita 31. Kisha shusha jembe, lima, hesabu tena mizunguko 10. Ukipata mita 27, umepoteza mita 4 kati ya 31, yaani kama asilimia 13, na hapo uko sawa, kwani kuserereka kati ya asilimia 8 na 15 ndiko kunakotakiwa shambani. Ikizidi 15, unachoma dizeli kuchimba mashimo: punguza kina cha jembe, rekebisha upepo, ongeza uzito kama udongo ni wa kichanga, au subiri ukauke. Ikishuka chini ya 8, trekta limebeba uzito usiohitajika. Fungua vali, toa maji kidogo, upime upya.