Bastola ya Kale: Iwekwe au Irudishwe?

Kila mwaka uingiapo mwezi wa Septemba, nchi za Afrika zimekubaliana kufungua mlango mmoja ambao katika miezi mingine huwa umefungwa. Kwa azimio la Umoja wa Afrika la mwaka 2017, ambalo baadaye liliongezewa muda hadi mwaka 2030, Septemba ni mwezi wa msamaha kwa mtu aliye na silaha isivyo halali. Huitwa aisalimishe, naye hashtakiwi kwa kuwa nayo. Mazungumzo yetu ya leo hayahusu bunduki za kivita wala majambazi wa barabarani. Yanahusu kitu kidogo zaidi, ambacho wengi hawakihesabu hata kidogo kuwa ni silaha: bastola ya kale, ile yenye gurudumu la risasi linalozunguka ambayo wengine huiita rivolva, ya aina adimu, iliyomfikia mtu kwa urithi, kwa kununua au kwa kuokota. Je, aiweke au aitoe?

Tumechagua kulitazama swali hili tukiwa Malawi, katika mahali pawili palipotenganishwa na mwendo wa kilomita zipatazo 45 tu. Pa kwanza ni mji mkuu wa Lilongwe. Pa pili ni kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, katika wilaya ya Dowa, ambako Kiswahili husikika kila kona kwa sababu wengi wa wakazi wake wametoka Kongo, Burundi na Rwanda. Bastola ile ile moja, ikiwa Lilongwe ni jambo moja, na ikiwa Dzaleka ni jambo jingine kabisa. Hapo ndipo ulipo uzito wa mazungumzo haya.

Yafaa kwanza tujiulize bastola za namna hiyo zilifikaje kwetu. Mwaka 1890 mataifa ya Ulaya yalitia sahihi Mkataba wa Brussels, ambao pamoja na kupiga vita biashara ya watumwa ulizuia kuingizwa kwa silaha za moto za kisasa katika sehemu kubwa ya bara letu, tangu nyuzi 20 kaskazini ya Ikweta hadi nyuzi 22 kusini. Malawi, Kongo na Tanzania yote ya leo zimo ndani ya mipaka hiyo. Maana yake ni kwamba bastola ya zama zile, kwa kawaida, ilikuwa mali ya afisa wa serikali ya kikoloni, mlowezi au mfanyabiashara wa Kizungu. Mwafrika alibeba gobori. Hata Mchungaji John Chilembwe alipowainua watu wake dhidi ya ukoloni wa Nyasaland mwezi wa Januari 1915, baadhi yao ilibidi waende usiku kuvamia ghala la silaha la kampuni ya African Lakes mjini Blantyre, wakaondoka na bunduki chache tu.

Vita Kuu ya Kwanza ndiyo iliyozitawanya silaha hizo. Waingereza na Wajerumani walipigana Karonga mwezi wa Septemba 1914. Jeshi la Wabelgiji la Kongo likavuka mpaka likaingia Tabora mwezi wa Septemba 1916. Nao Wajerumani hawakuweka silaha chini hadi Novemba 1918, huko Abercorn, ambayo leo ni Mbala ya Zambia. Katika miaka minne ya kukimbizana porini, vitu vingi vilianguka, viliibwa, viligawiwa, vilifukiwa. Baada ya vita wakaja polisi wa kikoloni na bastola zao. Kwa hiyo si ajabu hata kidogo chuma cha namna hiyo kikatokea leo ndani ya sanduku la babu.

Lakini si kila bastola kuukuu ni adimu, na hapa watu wengi hudanganyika. Mwenye kutaka kujua hana budi kusoma alama zilizopigwa kwenye chuma. Alama ya duara refu lenye herufi ELG na nyota ndani yake ni ya nyumba ya ukaguzi wa silaha ya Liège, Ubelgiji. Ikiwa juu yake pana taji, basi silaha ilikaguliwa baada ya mwaka 1893. Karakana za Liège zilitengeneza kwa wingi nakala za bei nafuu za bastola za Kiingereza na za Kimarekani, na nyingi ya hizo zilisafirishwa ng'ambo. Anayeokota mojawapo ameokota bidhaa ya kawaida. Alama ya mshale mpana huonyesha mali ya serikali ya Uingereza, na mara nyingi bastola yenyewe ni Webley, ambayo hukunjuka katikati na kujitolea maganda ya risasi. Ile ya jeshi la Wajerumani, ya mwaka 1879 na nduguye fupi ya 1883, haina kifaa hicho. Askari alilazimika kuyasukuma maganda moja moja. Jeshi la Ujerumani lilianza kuibadilisha mwaka 1908, lakini ilipofika 1914 ilikuwa bado mikononi mwa baadhi ya watu. Ikipatikana Afrika ya Mashariki ikiwa na namba zinazolingana katika kila kiungo na alama ya kikosi chake, hiyo ni adimu kweli. Vivyo hivyo bastola ya Nagant ya mwaka 1895, yenye tundu saba: zile zilizotoka kiwanda cha Tula, Urusi, ni nyingi mno, bali za mwanzo zilizotengenezwa Liège ni chache.

Ikumbukwe pia kwamba thamani ya kitu hicho imo katika alama na habari zake, wala haimo katika kung'aa kwake. Anayeisugua kwa msasa ili ipendeze huifuta historia yote kwa mkono wake mwenyewe.

Sasa tuje kwenye sheria. Nchini Marekani, sheria ya taifa ya mwaka 1968 huihesabu bunduki iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla yake kuwa kitu cha kale. Uingereza nayo, kwa kanuni za mwaka 2021, imeweka orodha ya aina za risasi zilizokwisha kupitwa na wakati, na silaha ya kale itumiayo risasi hizo yaweza kuwekwa kama pambo. Watu husikia habari hizo, wakadhani kwamba ukale wa chuma ni hati ya uhalali popote duniani. Nchini Malawi kanuni ya msingi ni kwamba mtu hamiliki silaha ya moto bila leseni. Tena mji wa Blantyre ndiko nchi za Kusini mwa Afrika zilikotia sahihi itifaki yao ya kudhibiti silaha, tarehe 14 Agosti 2001, na moja ya shabaha zake ilikuwa kwamba kila silaha iwe na alama, namba na mwenyewe anayejulikana. Bastola ya babu ina alama na ina namba. Kisichojulikana ni mwenyewe.

Tuseme basi mkazi wa Lilongwe, mwenye nyumba ya matofali na kazi ya mshahara, amerithi bastola hiyo. Anaweza kwenda polisi, akaieleza ilivyomfikia, akaomba leseni, akasubiri jibu. Akikubaliwa, ataiweka katika sanduku la chuma lenye kufuli. Akikataliwa, ataitoa. Ni mashaka, ndiyo, lakini ni mashaka ya makaratasi.

Tuseme tena mwenye kurithi ni mkimbizi wa Dzaleka. Mahali pale palikuwa gereza la wafungwa wa kisiasa katika enzi ya Rais Banda, pakageuzwa kambi mwaka 1994. Palikusudiwa watu elfu kumi au zaidi kidogo. Leo wamepita elfu hamsini. Nyumba zimebanana, kuta ni za udongo, milango ni ya mbao nyepesi, na watoto hucheza kila mahali. Kufuli ya kuaminika iko wapi? Isitoshe, wakimbizi hutakiwa kwa sheria kukaa kambini. Mwezi wa Machi 2023 Serikali iliwaamuru waliokuwa wakiishi na kufanya biashara mijini na vijijini warudi Dzaleka kabla ya tarehe 15 Aprili, na mwezi wa Mei polisi wakaanza kuwakamata huko Lilongwe na kuwarudisha kwa nguvu. Katika hali ya namna hiyo, bastola moja chini ya godoro la mtu mmoja yaweza kuwa tuhuma juu ya vichwa vya watu elfu hamsini. Hakuna atakayeuliza kama ilitengenezwa mwaka 1883.

Wakimbizi kutoka Kivu hawahitaji kufundishwa jambo hili. Waliona kambi za Goma na Bukavu tangu mwaka 1994, ambamo wenye silaha walichanganyika na wasio nazo, na waliona jinsi kambi hizo zilivyoshambuliwa mwaka 1996 na vita vikaenea nchi nzima. Mkataba wa wakimbizi wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa mwaka 1969 husema wazi kwamba kumpa mtu hifadhi ni tendo la amani na la utu. Kambi ikiingia silaha, hata iliyoota kutu, tendo hilo huanza kutiliwa shaka.

Kwa maoni yetu, basi, mkazi wa Lilongwe ana hiari ya kuchagua. Mkimbizi wa Dzaleka hana budi kuitoa. Hatusemi kwamba ni haki sawa. Aliyepoteza shamba, nyumba na makaburi ya wazee wake, akabakiwa na kitu kimoja cha babu yake, akaambiwa na hicho akitoe, anadaiwa jambo zito kuliko mwenzake wa mjini. Kwa sababu hiyo anastahili kupokewa kwa heshima. Tangazo la msamaha likitolewa kwa Kichewa na Kiingereza peke yake, litampita mtu wa Uvira asiyejua lugha hizo. Na mkimbizi akiamini kwamba afikapo kituoni atatiwa pingu, ataiuza kichochoroni, na hapo itakuwa imehama kutoka kwa mzee mpole hadi kwa mnyang'anyi.

Malawi yenyewe inalijua neno la kurudisha. Mwezi wa Desemba 1993, jeshi lilipowanyang'anya silaha vijana wa Young Pioneers, shughuli hiyo iliitwa Bwezani, yaani rudisheni. Nchi jirani ya Msumbiji ilikwenda mbali zaidi: tangu mwaka 1995 Baraza la Kikristo la huko liliwapa watu majembe, baiskeli na cherehani badala ya bunduki, na wasanii wakavifanya vyuma vilivyokatwakatwa kuwa sanamu na viti. Kimoja cha viti hivyo, cha mwaka 2001, kimo katika jumba la makumbusho la Uingereza huko London. Kenya ilichagua moto: mwezi wa Novemba 2016 ilichoma silaha 5,250 huko Ngong, karibu na Nairobi. Kuchoma ni vizuri. Hata hivyo ingefaa, kabla ya kiberiti, mtu wa makumbusho apite na daftari lake, kwa kuwa historia ya ukoloni iliyomo katika vyuma hivyo ni yetu.

Mwenye kuamua kuitoa asiifyatue kuijaribu, maana chuma na baruti vya miaka mia moja havitabiriki. Asiifungue viungo, asiifute namba. Wala asiibebe mfukoni kwenda nayo kituoni, bali awajulishe kwanza viongozi wa kambi au polisi, waje waichukue. Aandike kwenye karatasi jina la kiwanda, namba, alama zote, na habari za mtu aliyekuwa nayo, ilivyopita mkono hadi mkono, na nakala abaki nayo yeye. Adai stakabadhi. Kisha aombe kwa maandishi kwamba, ikishaharibiwa isiweze kufyatuka tena, ipelekwe makumbusho ya Blantyre au ya Karonga, pamoja na karatasi ile yenye jina la babu yake.