Ua Haliombwi Ruhusa, Mtoto Ana Wenyewe

Lugha yetu ina neno moja lenye maana mbili, nalo ni ridhaa. Mchezaji wa ridhaa ni yule anayecheza kwa mapenzi yake, hana mshahara wala mkataba. Na ridhaa, kwa maana yake ya asili, ni kukubali kwa moyo mkunjufu jambo litendeke. Makala haya yanamhusu mpiga picha wa ridhaa: baba, mama, shangazi au kijana asiye na studio wala bango la biashara, ambaye amejipatia kamera ndogo au simu yenye lenzi nzuri, naye anatamani kujifunza. Wengi wa wanafunzi wa namna hii huanza na viwili vilivyo karibu nao: ua lililochanua uani, na mtoto anayejifunza kusimama dede. Viwili hivyo vinafanana katika mengi, lakini vinatofautiana katika jambo moja kubwa, nalo ni lile lililobebwa na maana ya pili ya neno letu.

Kisaki na macho ya wageni

Tuchukue mfano wa Kisaki. Kata hii ya Wilaya ya Morogoro iko kusini mwa milima ya Uluguru, katika nchi tambarare ya mto Mgeta, jirani na Hifadhi ya Taifa ya Nyerere iliyotangazwa mwaka 2019 kutokana na sehemu ya lililokuwa Pori la Akiba la Selous. Reli ya TAZARA, iliyokamilika kujengwa mwaka 1975, ina kituo hapo. Mgeni anayekuja pande hizo na kamera yenye lenzi ndefu kwa kawaida anawafuata tembo na simba. Ni nadra kupita uani mwa mtu kutazama ua la boga.

Ugeni huu wa kamera si wa leo. Mwaka 1905 Mjerumani Carl Georg Schillings alitoa kitabu cha picha za wanyama wa Afrika Mashariki, nyingi kati yake zikiwa zimepigwa usiku kwa mwako wa taa. Ilipokuja Vita Kuu ya Kwanza, mnamo Septemba 1916 majeshi ya Jenerali Smuts yalipambana na yale ya Lettow-Vorbeck papo hapo Kisaki. Mpiga picha Walther Dobbertin, aliyekuwa na studio Dar es Salaam, aliacha picha nyingi za koloni na za vita hivyo, na leo zimehifadhiwa katika nyaraka za taifa la Ujerumani. Anayezitazama picha za zama hizo huona jambo moja likijirudia: afisa wa Kizungu ana jina na cheo, mpagazi, mama na mtoto walio kando yake mara nyingi hawana jina. Wamebaki kuwa "wenyeji" tu.

Hata maua yamepata mkasa wa aina hiyo. Katika misitu ya Uluguru na Usambara huota ua dogo la rangi ya zambarau, ambalo jamaa zake leo hupandwa katika vyungu vya madirishani duniani kote. Mwaka 1893 mtaalamu Hermann Wendland aliliingiza katika vitabu vya elimu ya mimea kwa jina la Saintpaulia, kwa heshima ya Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani wa Tanga aliyelipeleka Ulaya. Ua la milima yetu likavaa jina la mgeni.

Hapo ndipo ilipo thamani ya mpiga picha wa ridhaa. Huenda kamera yake ni duni, lakini anaujua uwanja. Anamjua mtoto kwa jina, anamjua mama yake na bibi yake, na anajua ua la mrehani lile alilipanda nani. Hakuna mgeni awezaye kununua ujuzi huo dukani.

Shule ya kwanza: ua

Tunamshauri mwanafunzi aanze na ua. Ua halikimbii, halilii, wala halichoki kutazamwa. Litamvumilia akikosea mara 20. Hata hivyo lina saa zake. Ua la boga hufunguka alfajiri na kujifumba kabla ya adhuhuri. Ua la ufuta huchanua asubuhi na siku hiyo hiyo huanguka. Ua la mbuyu hungoja machweo, likafunguka huku limening'inia kichwa chini, na siku ya pili huwa limesinyaa. Mwenye kusema "nitarudi kesho" atakuta bua tupu.

Somo la pili la ua ni mwanga. Katika nchi yetu jua la adhuhuri hukaribia kusimama utosini. Rangi hupauka na vivuli huwa vyeusi na vikali. Saa zilizo njema ni baada ya jua kuchomoza hadi saa tatu asubuhi, na baada ya Alasiri hadi kukaribia Magharibi. Ikilazimu kupiga mchana, mtu na asimame upande wa jua na kutandaza kanga nyeupe juu ya ua, kivuli chake kiwe chepesi. Elimu ya mwanga haikuwa ngeni kwa Waislamu: Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra yapata mwaka 965, ndiye aliyeeleza kwamba tunaona kwa sababu mwanga hutoka kwenye vitu ukaingia machoni, naye alifanya majaribio katika chumba chenye giza kilichotobolewa tundu dogo. Kila kamera, hata ile ya simu, ni chumba hicho kilichofanywa kidogo.

Somo la tatu ni umbali. Kila lenzi ina mpaka ambao ukiupita kwa kusogea mno haioni sawasawa, na picha hutoka na ukungu. Rudi nyuma kidogo, gusa kioo cha simu pale kwenye moyo wa ua, ungoje mpaka pawe wazi, ndipo upige. Usikuze picha kwa kutanua vidole juu ya kioo, kwani kwa kawaida huko ni kuiharibu. Sogea kwa miguu. Ufute lenzi kwa kitambaa safi, maana vumbi la kiangazi na alama za vidole huharibu picha nyingi kuliko uduni wa kamera. Tazama pia kilicho nyuma ya ua: ndoo ya plastiki au waya wa kuanikia nguo huiba macho ya mtazamaji. Hatua moja kushoto au kulia hutosha kuviondoa.

Na anayebahatika kupanda milimani, penye Hifadhi ya Mazingira Asilia Uluguru iliyotangazwa mwaka 2008, atakuta maua yanayopenda kivuli na miamba yenye kuvu. Mwanga huko ni haba, na kamera hulazimika kufungua jicho lake kwa muda mrefu zaidi. Mkono ukitikisika kidogo tu, picha imekwisha. Aegemeze simu juu ya jiwe au mkoba, abane viwiko mbavuni, apige huku ametulia. Wala asilichume ua kwa ajili ya picha. Aliache kwa nyuki na kwa atakayepita baada yake.

Shule ya pili: mtoto

Aliyefuzu kwa ua sasa ana jicho na mkono. Kwa mtoto atahitaji pia subira na huruma. Mtoto wa mwaka mmoja hadi mitatu hafuati amri, na akilazimishwa kutabasamu hutoa meno bila furaha. Naye ana saa zake kama ua la ufuta: akiwa ameamka, ameshiba na hana homa. Mtoto mwenye usingizi asipigwe picha, apelekwe kulala.

Kosa lililoenea ni kumpiga mtoto kutoka juu. Picha ya namna hiyo huonyesha utosi mkubwa na miguu mifupi, na mtoto huonekana kama kitu kilichodondoshwa chini. Piga goti, au lala kifudifudi juu ya mkeka, mpaka jicho la kamera liwe sawa na jicho lake. Ndivyo ulivyolifanyia ua. Mtoto anastahiki zaidi. Kisha usimwite wala usimpigie makofi. Mwache na shughuli yake: kuchota maji kwa kikombe, kumfuata kuku, kumsaidia bibi kupepeta kwa namna ile ya kumwaga zaidi ya anachopepeta. Furaha ya kweli itakuja yenyewe, na wewe uwe tayari.

Kwa mwanga, hakuna studio iliyo bora kuliko baraza. Mketishe mtoto kivulini, karibu na ukingo, uso wake ukielekea nje penye nuru; uso utajaa mwanga laini, na macho yatang'aa. Kwa kamera inayoruhusu kuchagua muda, mtoto anayetembea anahitaji walau sehemu ya 250 ya sekunde, na anayekimbia sehemu ya 500. Kwa simu, piga mfululizo kisha uchague moja. Angalia pia kofia nyeupe na kanzu: weupe mwingi huidanganya kamera ikadhani mwanga umezidi, nayo ikaufanya uso kuwa mweusi kuliko ulivyo. Gusa kioo pale usoni, si kwenye nguo, ili rangi ya ngozi aliyopewa na Muumba wake ionekane kama ilivyo. Mwako wa taa usitumike mbele ya mtoto. Humshtua na kuusawajisha uso wake.

Usalama uje kabla ya picha. Kisimani, jikoni penye moto, ukingoni mwa mto na karibu na reli si mahali pa kumwacha mtoto eti kwa sababu panapendeza. Awepo mtu wa pili, ambaye kazi yake ni kumtazama mtoto, si kamera.

Kauli za wanavyuoni

Katika nyumba ya Kiislamu suali huja: je, picha ya mwenye roho yafaa? Katika Sahihi mbili imepokewa habari ya Ibn Abbas (r.a.), aliyejiwa na mtu ambaye riziki yake ilikuwa ni kutengeneza picha. Alimsimulia makemeo aliyoyasikia kwa Mtume (s.a.w.), kisha akamwelekeza kwenye miti na vitu visivyo na roho. Kwa hivyo juu ya picha ya ua hapana mvutano.

Ama picha ya kamera ya mwanadamu, wanavyuoni wa zama zetu wamehitilafiana. Sheikh Muhammad Bakhit al-Muti'i, aliyekuwa Mufti wa Misri, aliandika kwamba kamera haiumbi sura bali hukizuia kivuli cha kile alichokwisha kukiumba Mwenyezi Mungu. Na Sheikh Yusuf al-Qaradawi aliinukuu rai hiyo katika kitabu chake kuhusu halali na haramu. Sheikh Abdulaziz bin Baz alikuwa na rai kali zaidi, akiruhusu penye dharura kama vile vitambulisho. Msomaji afuate anachokiridhia kwa dalili na kwa mwongozo wa masheikh wake. Lakini hata anayeruhusu hajaruhusu kila kitu. Picha inayofichua utupu wa mtoto, au inayomdhalilisha ili watu wacheke, haina wa kuitetea.

Ridhaa ya wenyewe

Sasa tumefika kwenye tofauti ile kubwa. Ua haliombwi ruhusa. Mtoto ana wenyewe: ana mama, ana baba, ana bibi ambaye huenda akaogopa kijicho na kukataa mjukuu asipigwe picha kabla hajatimiza muda fulani. Mpiga picha asibishane na bibi. Aseme mashaallah, aweke kamera chini, anywe chai. Mlango uliofungwa leo kwa adabu hufunguliwa kesho kwa mapenzi.

Na juu ya wazazi, mtoto ana nafsi yake. Leo hawezi kusema sitaki. Baada ya miaka 15 atakuwa kijana mwenye haya na heshima zake, naye ataikuta picha yake akiwa beseni la kuogea imezunguka katika makundi ya simu mpaka kwa watu asiowajua. Picha ikishatumwa hairudi. Hata sheria ya nchi imeliona hilo: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, imezihesabu taarifa zinazohusu watoto miongoni mwa taarifa nyeti. Basi kabla ya kuituma picha ya mtoto asiye wako, omba ruhusa mara mbili: ya kupiga, na ya kusambaza. Aliyekupa ya kwanza hajakupa ya pili.

Picha njema isiachwe ndani ya simu. Simu huibwa, huanguka majini, huzimika isiwake tena, na utoto wa mtoto mzima hupotea pamoja nayo. Zipo nyumba zilizobakiwa na picha moja tu ya mtoto aliyetangulia mbele ya haki, na mama yake huitunza sandukuni kama anavyozitunza nguo zake. Anayejua uzito wa karatasi ile hataidharau kazi hii. Kila mwaka chagueni chache, zisafishwe kwenye karatasi, na nyuma yake iandikwe kwa kalamu: jina la mtoto, la baba na la mama, mahali, tarehe ya Hijria na ya Miladia. Kwa Waluguru, ambao hufuata ukoo wa mama, uandikwe na ukoo. Watoto wa Kisaki waliopigwa picha leo wasije wakaitwa "wenyeji" na atakayeziokota picha zao baada ya miaka 100.