Alama za Magonjwa na Upimaji wa Kifua Kikuu

Mtu aliyepimwa kifua kikuu si lazima awe ameambukizwa, na aliyeambukizwa si lazima awe mgonjwa. Kulisema jambo hili ni rahisi. Kuliandika hospitalini kwa namna ambayo kila asomaye kumbukumbu ataielewa vilevile ni kazi inayohitaji utaratibu. Utaratibu huo ni orodha ya kimataifa ya magonjwa, ambamo kila ugonjwa hupewa alama fupi ya herufi na tarakimu.

Asili ya orodha

Mwaka 1893 Mfaransa Jacques Bertillon, mtaalamu wa takwimu, aliwasilisha orodha ya sababu za vifo katika mkutano wa wanatakwimu uliofanyika Chicago. Mwaka 1948 Shirika la Afya Duniani lilichukua jukumu la kuitunza, nayo ikapanuliwa ili ihusu magonjwa pia. Toleo la kumi lilipitishwa mwaka 1990, na la kumi na moja likaanza kutumika mwaka 2022. Marekani hutumia toleo la kumi lenye nyongeza zake yenyewe, na humo tutapata mfano wetu.

Hali mbili zinazotofautiana

Viini vya kifua kikuu huenea kwa njia ya hewa. Katika watu wengi kinga ya mwili huvizuia visizaliane, navyo hubaki hai bila kuleta ugonjwa. Hali hii huitwa maambukizi yaliyojificha. Mwenye nayo hana dalili wala hawaambukizi wenzake. Lakini asipotibiwa, viini vyaweza kuamka baadaye. Inakadiriwa kuwa kati ya watu 100 walioambukizwa, 5 hadi 10 huugua katika maisha yao.

Kipimo cha ngozi hufanywa kwa kudunga tuberkulini kidogo katika ngozi ya mkono na kupima uvimbe baada ya saa 48 hadi 72. Hata hivyo, aliyechanjwa BCG utotoni, kama ilivyo kawaida Afrika ya Mashariki, aweza kuvimba bila kuambukizwa. Kipimo cha damu hakidanganywi na chanjo hiyo. Lakini hakuna hata kimoja kati ya vipimo hivi kinachoweza chenyewe kutofautisha maambukizi yaliyojificha na ugonjwa. Ndiyo maana daktari huhitaji pia picha ya eksirei na, panapo shaka, uchunguzi wa makohozi.

Pengo lililozibwa

Hadi mwaka 2019 orodha ya Marekani ilikuwa na alama R76.11 ya kuvimba kwa kipimo cha ngozi na R76.12 ya kipimo cha damu, lakini haikuwa na alama ya maambukizi yaliyojificha yenyewe. Hivyo aliyevimba kwa sababu ya chanjo na aliyeambukizwa kweli waliweza kuandikiwa alama moja. Tarehe 1 Oktoba 2019 ziliongezwa alama mpya.

Tuchukue mfano wa muuguzi wa Marekani asiye na dalili yoyote, anayepimwa kabla ya kuanza kazi. Ziara ya kupima maambukizi yaliyojificha huandikwa Z11.7. Daktari akithibitisha kuwa anayo, huandika Z22.7. Akiisha kutibiwa, historia yake huandikwa Z86.15. Lau angeonekana ana kifua kikuu cha mapafu, alama ingekuwa A15.0. Na kama angekuwa ameishi na mgonjwa, Z20.1 ingeonyesha hivyo.

Msomaji ataona kuwa alama ya kwanza hueleza kwa nini mtu alipimwa. Zinazofuata hueleza kilichopatikana. Mwandishi akiyachanganya hayo, madhara huwa mawili. Mtu mzima wa afya aweza kuonekana katika kumbukumbu kuwa mgonjwa wa kuambukiza, na kazi yake ikawa mashakani. Na hesabu ya taifa hupotoka: wagonjwa huonekana wengi kuliko walivyo, na wale wanaohitaji dawa ya kinga hawaonekani kabisa.

Zoezi la darasani: wanafunzi waandike hali tano za watu waliopimwa, kisha wabishane ni alama ipi imfaayo kila mmoja, na kwa ushahidi gani. Watajifunza kwamba katika sayansi kuhesabu hutanguliwa na kupambanua.