Huruma yangu ilimdhuru mwanafunzi

MWAKA niliopata mwanafunzi mwenye mtindio wa ubongo darasani kwangu hapa Buyenzi, nilijiona mwalimu mwema. Kengele ya mapumziko ikilia, nilimwambia abaki kwenye dawati, wenzake wasije wakamwangusha. Hata kalamu ikidondoka, niliiokota mimi.

Jumamosi moja mama yake aliniita nyumbani. Nilimkuta huko mtaalamu wa tiba ya viungo, ambaye wakazi wa Bujumbura humwita "kine" kwa kufuata Kifaransa. Siku za kazi dada huyu huhudumia wagonjwa hospitalini. Jumamosi huzunguka mitaani bila malipo, akiwafundisha wazazi mazoezi.

Alimlaza mtoto mkekani, akaunyoosha mguu taratibu. Goti halikunyooka lote.

"Mwalimu, huyu anakaa muda gani shuleni bila kusimama?"

Nikapiga hesabu. Karibu saa tano nzima. Nilitamani ardhi inimeze.

Akanieleza kuwa ubongo wa mtoto uliumia mara moja na jeraha lile haliongezeki. Lakini msuli unaokaa umekunjwa saa nyingi kila siku hufupika, na kiungo hukaza. Mtoto aliyeweza kusimama kwa kushika ukuta anaweza kushindwa kabisa.

"Mimi namwona mara mbili kwa wiki, dakika 45 kila mara," alisema. "Wiki ina saa 168. Zilizobaki ni zenu."

Alichoagiza hakikuhitaji fedha nyingi: kibao chini ya dawati ili nyayo zisining'inie, kusimama dakika chache kila baada ya nusu saa, na kutoka nje na wenzake. Nami nikampa kazi ya kufuta ubao.

Wiki ya kwanza alianguka mara mbili. Baadhi ya wazazi walinung'unika kwamba Mwalimu anamtesa mlemavu. Nusura nikate tamaa. Mama yake ndiye aliyeniambia niendelee. Kufikia mwisho wa mwaka goti lilikuwa bado halijanyooka sawasawa, lakini kijana alifuta ubao mzima akiwa amesimama.

Jambo hili lilinikumbusha Ulyankulu, Tanzania, nilikosomea baada ya wazazi wetu kukimbia mwaka 1972. Tulikuwa na mwenzetu aliyepooza miguu kwa polio. Tulimbeba mgongoni kwa upendo hadi alipokuwa mzito, kisha akaacha shule. Hakuna aliyetuambia kuwa kuna fani ya kumsaidia.

Leo tunajua. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mtu mmoja kati ya watatu duniani ana hali ya kiafya inayoweza kunufaika na huduma za utengamao. Gitega kuna kituo cha taifa cha viungo bandia na tiba ya viungo. Mwaka 2014 Burundi iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu.

Hata hivyo, mkataba haumsimamishi mtoto darasani. Kila Septemba 8, Siku ya Fiziotherapia Duniani, tuwashukuru wataalamu hawa, hasa wanaotoka hospitalini na kuja mitaani kwetu. Nawe mwalimu mwenzangu, ukipokea mtoto wa aina hii, kabla ya kumwambia akae, waulize wazazi wake kine amewaagiza nini.