Altezza ya Kilomita Laki Mbili: Uinunue au Uiache?

Altezza ya mwisho ilitoka kiwandani Japani mwaka 2005. Kwa hiyo kila Altezza unayoiona inauzwa leo, iwe imepigwa rangi jana au imelala chini ya mwembe tangu mwenyewe asafiri, ina miaka 20 au zaidi. Dalali akikwambia "hii bado mpya kabisa", anazungumzia rangi tu. Chini ya boneti kuna mashine ya mtu mzima, na mtu mzima huulizwa alivyoishi kabla ya kuulizwa miaka yake.

Mimi ni fundi injini, gereji yangu iko Ilala, karibu na Gerezani ambako nusu ya jiji hufuata spea. Vijana huniletea magari ya michezo niyakague kabla hawajalipa. Wengine huyaleta wakiwa wameshalipa, na hao ndio walionisukuma kuandika. Kijana amejinyima, amecheza vikoba, ametoa akiba yote siku moja, na kabla mwezi haujaisha anavutwa kwa kamba barabara ya Uhuru. Hilo linaniuma, maana gari lenyewe nalipenda, na najua linaweza kununuliwa kwa akili likampa mtu raha kwa miaka.

Sababu za kulipenda zipo. Altezza ilizinduliwa mwaka 1998 na timu iliyoongozwa na mhandisi Nobuaki Katayama, mtu aliyekuwa na mkono pia katika Corolla AE86, gari dogo ambalo madereva wa mashindano wanaliheshimu hadi leo. Wakati kampuni nyingi zilikuwa zimehamia kwenye magari yanayovutwa na magurudumu ya mbele, yeye aliacha magurudumu ya nyuma yasukume na ya mbele yabaki na kazi ya kukata kona. Ikashinda tuzo ya Gari la Mwaka la Japani ya 1998–1999. Nje ya Japani iliuzwa kwa jina la Lexus IS, na taa zake za nyuma ziliigwa dunia nzima.

Kabla ya yote, jua unaonyeshwa ipi. Fungua boneti, tafuta kibati cha chesisi. Kikianza na SXE10, hiyo ni RS200: injini ya 3S-GE, silinda nne, lita mbili, na ile yenye gia sita za mkono ilitoka na nguvu ya farasi 210. Kikianza na GXE10, hiyo ni AS200: injini ya 1G-FE, silinda sita, nguvu ya farasi 160. Maandishi ya "RS200" nyuma ya buti hununuliwa dukani na kubandikwa na gundi. Namba ya chesisi haidanganyi kirahisi hivyo, tena ni lazima ilingane na kadi ya gari.

Tofauti hiyo ni ya mfukoni pia. Injini ya 1G-FE ndiyo iliyomo kwenye Mark II GX110 nyingi tu, kwa hiyo ukizunguka Gerezani hukosi sensa, pampu wala fundi anayeijua kwa moyo. Ya 3S-GE ya Altezza ina vitu vyake peke yake. Huwezi kuchukua kifaa cha 3S ya kawaida ukakifunga pale kwa sababu tu majina yanafanana.

Sasa tuje kwenye kilomita. Watu wetu wana mazoea mawili yanayowaponza. La kwanza ni kupima gari kwa herufi ya namba: "hii namba D, ile namba C". Herufi inakwambia gari lilisajiliwa lini hapa Tanzania. Haikwambii lilizaliwa lini, wala lilitembea kiasi gani Japani kabla ya kupanda meli. La pili ni kuamini dashibodi. Dashi inahesabu mizunguko ya magurudumu, haihesabu saa za injini. Gari la Ubungo linalokaa kwenye foleni asubuhi na jioni linachemsha oili, linaunguza klachi na kuwasha feni bila kupumzika, huku kilomita hazisogei. Lingine limekwenda Dodoma na kurudi kila wiki kwa mwendo mmoja, injini ikiwa na joto lake sahihi. La pili likiwa na kilomita 230,000 na la kwanza 110,000, mimi nitaanza kuangalia la 230,000.

Na dashi zinarudishwa nyuma. Sisemi kila muuzaji anafanya hivyo, nasema usiifanye namba ile kuwa sababu ya kulipa. Tafuta ushahidi mwingine: raba za pedali, ngozi ya usukani, kichwa cha gia, na ukingo wa kiti cha dereva upande wa mlango. Kilomita 90,000 hazitoboi kiti. Kisha tafuta stika. Mafundi wa Japani wakibadilisha mkanda wa taimingi hubandika stika kwenye injini yenye tarehe na kilomita za siku ile, na za oili hubandikwa kwenye ukingo wa mlango. Mwaka huweza kuandikwa kwa hesabu ya Heisei: ongeza 1988 unapata mwaka wetu. Kama gari limetoka mnadani na karatasi yake ipo, isome. Alama R inaonyesha limewahi kutengenezwa baada ya ajali, na michoro yenye W ni sehemu zilizonyooshwa.

Mpwa wangu alipotaka Altezza nilimpeleka kuona mbili. Ya kwanza ilikuwa Sinza, inang'aa, namba D, dashi inasoma 118,000. Niliweka mkono juu ya boneti, ilikuwa ya moto.

"Mbona imewashwa?" nikamuuliza dalali.

"Nilikuwa nasogeza nioshe, bosi. Hii haijaguswa, angalia mwenyewe kilomita."

Nilimulika tochi pembeni ya kava la mkanda. Stika ilikuwepo, imefifia lakini inasomeka: Heisei 23, kilomita 131,000. Yaani mwaka 2011 gari lilikuwa limeshapita namba ambayo lilikuwa linatuonyesha siku ile. Mpwa wangu akanitazama. Tulimshukuru dalali, tukaondoka.

Ya pili ilikuwa Kigamboni, kwa mama mmoja mhasibu. Namba C, bampa limepauka, dashi inasoma 231,000. Mpwa wangu akamwamkia, "Shikamoo mama," na hata kabla hatujafungua boneti mama akatoa daftari. Kila oili ilikuwa imeandikwa, kila pedi ya breki, mkanda wa taimingi, pampu ya maji, na risiti zimebanwa kwa pini. "Sijaiwasha leo," akasema. "Fundi wangu aliniambia mnunuzi wa kweli ataitaka ya baridi."

Huyo fundi wake anajua kazi. Injini ikaguliwe ikiwa baridi, maana joto huficha magonjwa. Ikiwaka, sikiliza mbele juu: RS200 ina puli za VVT-i kwenye kamshafti zote mbili, na zikichoka hutoa mkwaruzo wa chuma mwanzoni mwa kuwasha. Angalia moshi. Wa bluu ni oili inayoungua. Mweupe usiokatika, wenye harufu tamu, ni kulanti inayoingia kwenye silinda. Fungua kifuniko cha oili: ute wa rangi ya maziwa unaweza kumaanisha gasketi ya silinda hedi imekwenda, au gari linakwenda safari fupi tu bila kupata moto, kwa hiyo usihukumu kabla ya kupima. Rejeta ikiwa na maji ya bomba yenye kutu, jua aliyekuwa akilitunza alikuwa anabahatisha.

Kisha lipa fundi apime kompresheni. Usitazame namba kubwa peke yake, tazama kama silinda zinalingana. Moja ikipungukiwa na zaidi ya baa 1 kuliko wenzake, kuna ringi au valvu inayovuja, na mazungumzo ya bei yabadilike hapo hapo au yaishe.

Barabarani, gia namba mbili ndiyo shahidi. Kwenye boksi la gia sita, singronaiza ya gia ya pili huchoka mapema kwa watu wanaoichapa. Ipande taratibu na gari likiwa baridi. Ikikwaruza, boksi litataka kufunguliwa. Weka gia ya juu kwa mwendo mdogo, kanyaga mafuta: mshale wa mizunguko ukiruka na gari haliongezi mwendo, klachi imekwisha. Sikiliza difu ikilia ukiachia mafuta. Pita tuta dogo ukiwa umefungua vioo: mgongano wa chuma kwa chuma mbele ni boljointi za chini au bushi. Hizi usizipuuze. Boljointi ikichomoka kwenye mwendo wa 100, gurudumu linalala na usukani haukusikii tena.

Tairi nazo zina tarehe. Ubavuni kuna tarakimu nne: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Raba ya miaka mingi inaweza kuwa na meno mazuri na bado isishike lami ya mvua. Springi zilizokatwa ili gari likae chini, kwangu ni sababu ya kuondoka. Aliyekata springi kwa msumeno hakuishia pale.

Gari la mama wa Kigamboni halikuwa safi kila mahali. Gia ya pili ilikwaruza ikiwa baridi, na bushi za mbele zilikuwa zimechoka. Tulimwambia, hakubisha, akapunguza bei kwa kiasi kile. Lakini nilimwambia mpwa wangu kitu kimoja kabla hajatoa hela, na ndicho nawaambia wote: jiulize kama una pesa ya pili.

Pesa ya pili ni ile inayobaki baada ya kulipia gari. Kwa gari la michezo lililotembea sana, nataka iwe angalau theluthi ya bei, imekaa benki, haina kazi nyingine. Itakwenda kwenye mkanda wa taimingi pamoja na tenshona na pampu ya maji, maana mkanda wake una kikomo cha kilomita 100,000 na ukikatika valvu zinaweza kugongana na pistoni. Itakwenda kwenye oili ya injini, ya gia boksi na ya difu, haidroliki ya breki, kulanti, tairi nne, boljointi na bushi. Kuna pia gharama za kuhamisha umiliki TRA, bima, na faini za barabarani zilizobaki kwenye namba ile, ambazo unapaswa kuzikagua kabla ya kusaini. Mafuta nayo yahesabu: injini ya RS200 ilitengenezwa kwa petroli ya oktani ya juu, na ikipewa ya chini inapunguza nguvu yake ili kujilinda.

Kama bei ya gari inakumaliza, jibu langu ni hapana, hata gari likiwa zuri namna gani. Rahisi ni ghali, na gari la michezo la bei ya kutupa mara nyingi ni gari ambalo mwenzako ameshindwa kulilipia pesa ya pili. Kama ndilo litakuwa usafiri wako pekee wa kazini kila siku kutoka Mbezi hadi Posta, tafuta AS200 yenye 1G-FE, au subiri upate gari jingine la kazi. Kama una mahali pa kulilaza, fundi unayemwamini, na subira ya kulirekebisha kabla ya kulikimbiza, basi kilomita laki mbili zisikutishe.

Mpwa wangu alikuwa na pesa ya pili. Alinunua Altezza ya Kigamboni, akaileta gereji moja kwa moja, tukafungua boksi, tukabadilisha bushi, tukaweka tairi mpya. Mwezi wa kwanza hakuzidisha 80. Mama alimwachia daftari, naye anaendelea kuandika.

Hilo daftari ndilo ningependa kila kijana alitafute kabla ya rangi, kabla ya rimu, kabla ya mlio wa ekzosi. Gari lisilo na historia linaweza kuwa zima, lakini utailipia bahati hiyo bei ya kitu cha uhakika. Lenye historia linakuonyesha wazi kinachokuja, na wewe unaamua ukiwa na hesabu mkononi. Ukikosa historia, kosa ushahidi wa stika, na muuzaji akakataa fundi wako apime kompresheni, rudi nyumbani na hela yako. Altezza nyingine itauzwa wiki ijayo.