Seva ya Faili Nyumbani: Kazi Mpya ya Kompyuta ya Zamani

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilisitisha huduma za kawaida za usalama kwa mfumo endeshi wa Windows 10, na kwa kuwa Windows 11 haikubali rasmi kompyuta nyingi zilizotoka viwandani kabla ya mwaka 2018, mashine nyingi zilizokuwa zikifanya kazi vizuri majumbani, shuleni na katika ofisi ndogo zimeingia katika orodha ya vitu vinavyosubiri kutupwa. Takwimu za Umoja wa Mataifa zilizotolewa mwaka 2024 zinaonyesha kwamba mwaka 2022 pekee dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za vifaa vya umeme na elektroniki, na kwamba chini ya robo ya taka hizo ndiyo iliyothibitishwa kukusanywa na kuchakatwa kwa utaratibu unaofaa. Wakati huohuo, familia zinazomiliki mashine hizo zina picha za harusi, vyeti vya kuzaliwa, hati za viwanja na kazi za shule zilizotawanyika katika simu, flashi na kompyuta mbalimbali, na mara nyingi kifaa kimoja kikiibwa au kikianguka majini, kumbukumbu za miaka mingi hupotea nacho. Kuigeuza kompyuta ya zamani kuwa seva ya faili ni njia ya kushughulikia mambo hayo mawili kwa pamoja, mradi ieleweke tangu mwanzo kwamba mashine yenyewe inaweza kuwa ya zamani bila hasara yoyote, ilhali diski inayobeba data haipaswi kuaminiwa kwa sababu tu ingali inawaka, na seva isiyo na nakala ya pili mahali pengine haijakamilika.

Seva ya faili ni nini

Seva ya faili ni kompyuta ambayo kazi yake ni kuhifadhi mafaili mahali pamoja na kuyatoa kwa simu, kompyuta na televisheni zilizounganishwa katika mtandao uleule. Katika nyumba nyingi mtandao huo tayari upo, kwa maana ya ruta inayosambaza intaneti kwa waya au kwa Wi-Fi, ingawa seva yenyewe haihitaji intaneti ili ifanye kazi yake ya kila siku. Video yenye ukubwa wa gigabaiti 1 inayotumwa kutoka kwenye simu iliyo sebuleni kwenda kwenye seva iliyo chumba cha pili hupita katika ruta ya nyumbani tu, haigusi bando, na wala haiwi na kasi ndogo kwa sababu mnara wa simu umeelemewa.

Ili vifaa vya aina tofauti vielewane, huhitajika itifaki, yaani kanuni za pamoja za kuombana na kupeana mafaili. Itifaki inayotumika zaidi majumbani huitwa SMB, na chimbuko lake ni kampuni ya IBM katika miaka ya 1980, kabla ya Microsoft kuichukua na kuiendeleza ndani ya Windows. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Andrew Tridgell, mtaalamu wa kompyuta wa Australia, alianza kuandika programu iliyoziwezesha kompyuta zisizo za Windows kuifuata itifaki hiyo, na programu hiyo, inayoitwa Samba, hutolewa bure hadi leo chini ya leseni ya programu huria, yaani programu ambayo mtu yeyote anaruhusiwa kuitumia, kuisoma ndani na kuirekebisha. Kwa kuwa kompyuta za Apple nazo ziliifanya SMB kuwa njia yake kuu ya kushirikishana mafaili kuanzia mwaka 2013, na simu za iPhone zikaikubali mwaka 2019, seva moja ya Samba inaweza leo kuhudumia karibu kila kifaa kinachopatikana katika nyumba ya kawaida.

Kuchagua mashine

Kugawa mafaili ni kazi nyepesi kwa kompyuta, na ndiyo maana prosesa iliyotengenezwa miaka 12 au 15 iliyopita hutosha. Sharti la kwanza ni kwamba prosesa iwe ya biti 64, kwa sababu mifumo endeshi mingi inaziacha zile za biti 32, na toleo la 13 la mfumo wa Debian, lililotoka Agosti 2025, halina tena programu ya kusimika kwa mashine hizo. Kumbukumbu ya muda, ambayo mafundi huiita ramu, inaweza kuwa gigabaiti 2 kwa mfumo mwepesi, ingawa gigabaiti 4 huleta nafuu zaidi.

Kinachoamua kasi inayoonekana kwa mtumiaji ni mtandao. Kompyuta yenye soketi ya mtandao ya megabiti 100 kwa sekunde hupitisha takriban megabaiti 11 kila sekunde, hivyo kuhamisha gigabaiti 50 za picha na video huchukua zaidi ya saa moja na robo, ilhali soketi ya gigabiti 1 huimaliza kazi hiyohiyo kwa dakika zisizofika kumi ikiwa diski na ruta nazo zina uwezo huo. Kwa sababu hiyo seva huunganishwa na ruta kwa kebo, na Wi-Fi huachiwa simu na kompyuta zinazohamahama.

Gharama inayosahaulika ni umeme, kwa kuwa seva huwaka usiku na mchana. Kompyuta ya mezani inayotumia wati 50 humaliza uniti 1.2 kwa siku, sawa na uniti 36 kwa mwezi wa siku 30, na kwa mteja wa Tanzania aliye katika daraja la matumizi madogo ya nyumbani, ambalo ukomo wake ni uniti 75 kwa mwezi, hiyo ni karibu nusu ya kiwango chote anachoruhusiwa kabla ya bei kupanda. Kompyuta mpakato inayotumia wati 15 humaliza takriban uniti 11 kwa mwezi, na zaidi ya hapo betri yake, ikiwa ingali nzima, huiwezesha kuendelea kuwaka umeme unapokatika ghafla. Betri iliyovimba, hata hivyo, ni hatari ya moto na haina budi kuondolewa kabla ya kazi yoyote kuanza. Anayetumia kompyuta ya mezani anashauriwa kuongeza kifaa cha betri ya akiba kati ya mashine na soketi ya ukutani, na kuiwekea mashine mpangilio wa kujiwasha yenyewe umeme unaporudi, mpangilio unaopatikana katika kurasa za mipangilio ya ubao mama, yaani bodi kuu ya kompyuta, zinazofunguliwa mashine inapoanza kuwaka. Betri ndogo ya duara iliyo juu ya ubao huo nayo ibadilishwe, maana ikifa, saa ya kompyuta na mipangilio yake hupotea kila umeme unapokatika.

Diski ndiyo moyo wa kazi

Diski kuu ya kawaida, ambayo mafundi huiita hadi diski, ina sahani zinazozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika huku vichwa vya kusomea vikielea karibu sana na uso wake, na sehemu zote hizo huchakaa. Kununua kompyuta iliyotumika katika maduka ya Kariakoo au ya Luthuli Avenue mjini Nairobi ni jambo la busara, lakini kuweka picha zote za ukoo katika diski iliyokuja na kompyuta hiyo bila kuipima ni kubahatisha. Diski nyingi hujiwekea rekodi za afya yake katika mfumo uitwao SMART, na programu ya bure ya smartmontools huzisoma na kuonyesha saa ambazo diski imewashwa pamoja na idadi ya sekta mbovu ambazo diski imelazimika kuziacha na kuhamia kwenye sehemu za akiba. Idadi hiyo ikianza kupanda, diski inaelekea kufa, na data iliyomo ihamishwe mara moja.

Mpango unaofaa ni kuuweka mfumo endeshi katika diski ndogo ya peke yake, ambayo inaweza kuwa ile ya zamani, na kununua diski mpya kwa ajili ya data. Picha moja ya simu huchukua takriban megabaiti 4, kwa hiyo diski ya terabaiti 1 inaweza kubeba picha kama 250,000, kiasi ambacho familia nyingi hazitakijaza upesi ikiwa video hazijawa nyingi.

Kusimika mfumo

Miongoni mwa mifumo inayotolewa bure, OpenMediaVault, iliyotoka mwaka 2011 na kujengwa juu ya Debian, inafaa zaidi kwa mashine dhaifu, ilhali TrueNAS, yenye uwezo mkubwa wa kukagua usahihi wa data, huhitaji ramu ya gigabaiti 8 au zaidi. Faili la kusimikia hupakuliwa kwa kompyuta nyingine, huandikwa katika flashi kwa programu kama Rufus, kisha mashine ya zamani huwashwa kutoka kwenye flashi hiyo. Chochote kilichokuwa katika diski inayosimikiwa hufutwa, hivyo data ya zamani lazima iwe imeokolewa mapema. Skrini na kibodi huhitajika wakati huo tu, kwani baada ya hapo seva huendeshwa kwa kufungua anwani yake katika kivinjari cha kompyuta yoyote iliyo katika mtandao wa nyumbani.

Hatua ya kwanza ndani ya ukurasa huo ni kubadilisha neno la siri la msimamizi, kwa sababu neno ambalo mfumo huja nalo linajulikana na kila mtu. Hatua ya pili ni kuiagiza ruta iipe seva anwani isiyobadilika, kwa mfano 192.168.1.10, ili vifaa vingine visiipoteze kila ruta inapozimwa. Kisha diski ya data huandaliwa kwa mpangilio wa ext4, ambao huandika kumbukumbu ya mabadiliko kabla ya kuyatekeleza na kwa hiyo huweza kurekebisha muundo wake umeme ukikatika katikati ya kazi, na hatimaye hufunguliwa folda za pamoja na majina ya watumiaji. Ugawaji wa ruhusa unastahili kufikiriwa kwa makini, maana folda ya picha inaweza kusomwa na wote lakini ikabadilishwa na wazazi tu, folda ya hati ikafungwa kwa wazazi peke yao, na kila mtoto akawa na folda yake ya masomo.

Ulinzi

Mnamo Mei 2017 programu hasidi iitwayo WannaCry ilienea katika nchi zaidi ya 100, ikafunga mafaili ya hospitali, viwanda na ofisi na kudai fidia, na mlango ilioingilia ulikuwa kasoro katika toleo la kwanza la SMB, itifaki ileile inayotumika katika seva za nyumbani. Mafunzo yake kwa mwenye seva ni matatu: toleo la kwanza la SMB lisiwashwe, masasisho ya mfumo yawekwe bila kuchelewa, na mlango namba 445, ambao SMB huutumia, usifunguliwe kamwe kwenye ruta ili kuelekea intaneti. Anayetaka kufikia mafaili yake akiwa safarini atumie njia ya faragha iliyosimbwa, kama ile inayojengwa na programu ya WireGuard, ambayo humruhusu mwenye ufunguo peke yake kuingia katika mtandao wa nyumbani. Ofisi ndogo inayohifadhi taarifa za wateja ina wajibu zaidi, kwa kuwa Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 zinamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde.

Nakala za akiba

Wapo wanaoweka diski mbili zinazoandikwa mafaili yaleyale kwa wakati mmoja, utaratibu uitwao RAID 1, wakaamini kwamba wamemaliza. Utaratibu huo huisaidia seva kuendelea na kazi diski moja inapokufa, lakini faili likifutwa kwa bahati mbaya hufutika kote kuwili papo hapo, na mwizi au moto huzichukua diski zote mbili kwa pamoja. Kanuni iliyoenezwa na mpiga picha wa Marekani Peter Krogh inatoa kipimo rahisi kukumbukwa: ziwepo nakala tatu za kila kitu cha thamani, katika aina mbili za vifaa, na moja kati yake iwe mahali pengine kabisa.

Kwa familia ya kawaida kanuni hiyo inatekelezeka bila gharama kubwa. Nakala ya kwanza hubaki katika simu au kompyuta ya mwenye faili, ya pili huwa katika seva, na ya tatu huwa katika diski ya nje inayounganishwa na seva mara moja kwa mwezi, ikanakiliwa kwa programu ya rsync, ambayo hupeleka mabadiliko tu bila kurudia yaliyokwisha kunakiliwa, kisha ikachomolewa na kupelekwa kwa ndugu anayeishi nyumba nyingine. Wahenga walisema akiba haiozi, lakini akiba iliyo ndani ya diski huoza isipokaguliwa, na kwa hiyo kila baada ya miezi michache mafaili kadhaa yafunguliwe kutoka katika diski hiyo ya nje ili kuhakikisha kwamba yanasomeka.

Mwenye kompyuta ya zamani asiharakishe kuiuza kwa bei ya chakavu. Aifungue, aisafishe vumbi, aipime diski yake, ainunulie diski mpya ya data na nyingine ya nakala, kisha amteue mtu mmoja katika nyumba atakayekuwa na jukumu la masasisho na nakala za kila mwezi, kwa kuwa programu zote zinazohitajika ni za bure na kinachobaki kuamua kama kumbukumbu za familia zitawafikia wajukuu ni uangalizi wa mtu huyo.