Wafalme 31 wa Kanaani walikuwa nani?

Wasomaji wengi wa Biblia wakifika Yoshua 12 huipitia juu juu au huiruka kabisa. Sura yenyewe haina kisa. Inaanza na wafalme wawili waliopigwa mashariki ya Yordani, Sihoni wa Heshboni na Ogu wa Bashani, kisha inashusha orodha ya wafalme wa magharibi ya mto, kuanzia Yeriko hadi Tirza. Kila mfalme anatajwa kwa mji wake na kuhesabiwa mmoja, na mwishoni jumla yao ni 31. Tafsiri ya kale ya Kigiriki ina 29. Wanakili wa Kiyahudi waliipa orodha hii uangalifu wa pekee: Talmudi inaagiza iandikwe kwa safu mbili zinazotazamana, nusu tofali juu ya nusu tofali na tofali juu ya tofali, kama inavyoandikwa orodha ya wana 10 wa Hamani katika kitabu cha Esta. Ukuta wa namna hiyo haufungamani, na maana yake ni kwamba walioanguka wasipate pa kusimamia tena.

Naipenda sura hii. Naamini kwamba ukiisoma kwa makini itakusaidia kuelewa vita vya Yoshua kuliko masimulizi ya kuta zilizoanguka na jua lililosimama, kwa sababu moja: orodha inahesabu wafalme. Haisemi kwamba kila mji wao uliteketezwa, wala haisemi kwamba wenyeji waliisha.

Kwanza tuwajue wafalme wenyewe, maana neno hilo linaweza kutufanya tuwaze majumba makubwa na majeshi ya maelfu. Mwaka 1887 huko Amarna, Misri, yalifukuliwa mabamba ya udongo yenye maandishi ya kikabari. Yaliyopatikana ni takriban 380, na mengi ni barua walizoandikiwa Mafarao Amenhotepu wa Tatu na Akhenateni katikati ya karne ya 14 KK. Waandishi ni pamoja na watawala wa miji ambayo msomaji wa Yoshua anaifahamu: Abdi-Heba wa Yerusalemu, Biridiya wa Megido, Milkilu wa Gezeri, Zimreda wa Lakishi, Abdi-Tirshi wa Hazori. Wote wanaanza kwa kujidhili. Wanaanguka miguuni pa Farao mara saba na mara saba tena, wanajiita watumwa wake. Abdi-Heba anasema wazi kwamba si baba yake wala mama yake aliyempa kiti, ni mkono wa mfalme mkuu.

Baada ya salamu hizo huja shida zao, na hapo ndipo ukubwa wao unapoonekana. Abdi-Heba analia kwamba nchi inapotea, anamwomba Farao ampelekee kikosi cha walinzi 50. Biridiya amezingirwa na Labayu wa Shekemu, watu wake hawawezi hata kutoka langoni kuvuna, naye anaomba walinzi 100. Mtawala ambaye askari 50 wanaweza kumwokoa anatawala mji mmoja, vijiji vinavyouzunguka, mashamba na malisho. Jirani yake yuko umbali wa saa chache kwa miguu, na huyo jirani ndiye adui wake. Wanashtakiana kwa Farao bila kuchoka. Barua moja ya Biridiya inaeleza jinsi Labayu alivyokamatwa ili apelekwe Misri kwa merikebu, kisha Surata wa Ako akapokea fidia na kumwachia huru aende zake. Wengi wao wanalalamika juu ya Waapiru, makundi ya watu wasio na mji ambao mara huajiriwa kupigana na mara huvamia. Wako wasomi waliotaka kuwaona Waebrania katika jina hilo. Hoja hiyo imepungua nguvu, kwani Waapiru wanatajwa kuanzia Mesopotamia hadi Misri, karne nyingi kabla ya Israeli kuwapo.

Kwa hiyo wafalme 31 katika nchi ndogo kama ile si chumvi. Wala haishangazi kwamba wafalme watano wa kusini, wa Yerusalemu, Hebroni, Yarmuthi, Lakishi na Egloni, waliweza kujificha wote katika pango moja huko Makeda kabla ya Yoshua kuwatoa, kuwaua na kuwatundika mitini hadi jua lilipotua. Wote watano wako katika orodha.

Kuna mtu mkubwa asiyetajwa hata kidogo katika vita hivi, naye ni Farao. Katika karne ya 14 na ya 13 KK Kanaani yote ilikuwa chini ya Misri. Gaza ilikuwa makao ya utawala wake, Beth-sheani ilikuwa na askari wake, na hata huko Megido ilipatikana tako la sanamu ya shaba lenye jina la Ramsesi wa Sita, aliyetawala katikati ya karne ya 12. Kitabu cha Yoshua kinasimulia nchi nzima kutwaliwa bila kukutana na Mmisri mmoja. Kwangu hii ni dalili nzito kwamba masimulizi yalipata umbo lake la mwisho wakati ambapo utawala ule ulikuwa umesahaulika, ingawa majina na kumbukumbu nyingine ndani yake ni za kale zaidi.

Sasa miji. Watu wengi wakisikia kwamba wanaakiolojia wamechimba Kanaani, huuliza kama wamekuta majivu kila mahali. Swali hilo halitoki katika kitabu chenyewe. Yoshua inataja miji mitatu tu iliyochomwa moto: Yeriko, Ai na Hazori. Sura ya 11 inasema waziwazi kwamba miji mingine iliyosimama juu ya vilima vyake haikuchomwa, isipokuwa Hazori peke yake. Na katika sura ya 24 Waisraeli wanakumbushwa kwamba wanakaa katika miji ambayo hawakuijenga.

Hata hiyo mitatu haitoi jibu moja. Yeriko ilichimbwa na John Garstang miaka ya 1930, naye akadhani amezipata kuta za Yoshua. Kathleen Kenyon alirudi hapo kati ya 1952 na 1958, akaonyesha kwamba kuta zile zilianguka karibu miaka elfu moja mapema mno, na kwamba mji mkubwa wa mwisho wenye ngome uliangamia takriban mwaka 1550 KK. Wapo wanaotaka kuuteremsha mwaka huo hadi 1400, ili ulingane na hesabu ya miaka 480 iliyo katika 1 Wafalme 6, lakini wengi katika fani hawajashawishika. Kwa Ai hali ni ngumu zaidi. Kilima cha et-Tell, ambacho wengi wanakitambua kuwa Ai, kilikuwa na mji mkubwa ulioangamia yapata mwaka 2400 KK, kisha kikabaki magofu matupu hadi kijiji kidogo kilipojengwa juu yake karibu mwaka 1200. Baadhi ya watafiti wanaitafuta Ai kwenye vilima vya jirani. Mtu anayependa Maandiko hana haja ya kuyaficha haya, na mimi siyafichi.

Hazori ni habari nyingine kabisa. Ulikuwa mji mkubwa kuliko yote katika nchi ile, wenye eneo la ekari 200 hivi, na kitabu cha Yoshua kinasema kwamba zamani ulikuwa kichwa cha falme zote zile. Yigael Yadin aliuchimba kuanzia 1955, na Amnon Ben-Tor akaendelea kuanzia 1990. Walikuta jumba la kifalme lililoteketea katika karne ya 13 KK kwa moto mkali kiasi cha kuyeyusha matofali ya udongo na kupasua mawe ya misingi. Mitungi yenye ngano iliyoungua bado ilikuwa mahali pake. Sanamu za miungu na za wafalme, za Kikanaani na za Kimisri, zilikatwa vichwa na mikono kwa makusudi. Ben-Tor alisema waliofanya hivyo ni Waisraeli, akitoa hoja kwamba Wamisri na Wakanaani wasingeharibu sanamu zao wenyewe. Mwenzake Sharon Zuckerman aliona dalili za mji uliokuwa umedhoofika kwa muda, hekalu na jumba vikiachwa, akapendekeza kwamba wenyeji wenyewe waliwaasi watawala wao. Ushahidi wa moto hauna ubishi. Aliyeuwasha hakuacha jina.

Turudi kwenye hesabu. Mfalme wa Gezeri yumo katika orodha. Sura ya 10 inasimulia kwamba Horamu wa Gezeri alikwenda kuisaidia Lakishi akapigwa yeye na watu wake, lakini haisemi popote kwamba Gezeri ilitwaliwa. Sura ya 16 inakiri kwamba Wakanaani hawakufukuzwa Gezeri. Karne kadhaa baadaye, kwa mujibu wa 1 Wafalme 9, Farao ndiye aliyeuchoma mji huo na kumpa binti yake, mke wa Sulemani, kama zawadi ya arusi. Wafalme wa Megido, Taanaki na Dori wamo katika orodha pia, na Waamuzi 1 inaitaja miji hiyohiyo kati ya ile ambayo Manase hawakuweza kuwatoa wenyeji wake. Mfalme wa Yerusalemu alikufa Makeda, lakini Wayebusi waliendelea kuishika Yerusalemu mpaka Daudi alipoitwaa. Hata baada ya hapo Daudi alinunua kiwanja cha kupuria cha Arauna Myebusi kwa shekeli 50 za fedha.

Wasomaji wengi huona Yoshua na Waamuzi vikipingana. Kwa maoni yangu ukali wa mgongano hupungua ukikumbuka kwamba kumpiga mfalme vitani si sawa na kuimiliki nchi yake. Lakini maneno ya Yoshua 10, kwamba hakusalia hata mmoja mwenye pumzi, hayaishi kwa maelezo hayo. Ili kuyapima, yasome kando ya maandishi mengine ya vita ya wakati ule. Farao Merenptahi alichonga juu ya jiwe, takriban mwaka 1208 KK, kwamba ameiteka Gezeri na kwamba Israeli imeharibiwa na mbegu yake haipo tena. Jiwe hilo, lililopatikana Thebesi mwaka 1896 na Flinders Petrie, ndilo linalolitaja jina la Israeli mapema kuliko maandishi mengine yote yasiyo na ubishi. Mesha mfalme wa Moabu, katika karne ya 9 KK, naye aliandika kwamba Israeli imeangamia milele. Ndivyo wafalme walivyotangaza ushindi, na wasikilizaji wao waliujua mtindo huo.

Iko pia miji iliyokosekana. Gibeoni haimo katika orodha kwa kuwa wazee wake walifanya agano na Yoshua. Shekemu, mji wa Labayu, haimo vilevile, na hakuna habari ya kutekwa kwake. Hata hivyo ndiko Yoshua anakowakusanya watu wote mwishoni mwa kitabu, kana kwamba waliokuwa wakiishi pale hawakuwa maadui.

Na Sidoni, mji wa Wakanaani wa pwani ambao Waamuzi inasema Asheri hawakuwafukuza wenyeji wake, umetoa ushahidi wa aina nyingine. Mwaka 2017 wanasayansi walitangaza matokeo ya uchunguzi wa vinasaba vya watu watano waliozikwa Sidoni miaka 3,700 hivi iliyopita. Walipovilinganisha na vya Walebanoni wa leo waliona kwamba zaidi ya asilimia 90 ya asili yao inatokana na Wakanaani hao. Sidoni ilikuwa nje ya vita vya Yoshua, hivyo matokeo haya hayaamui lolote kuhusu Lakishi au Hazori. Kwa upande wa Sidoni, yanakubaliana na Waamuzi 1.